Barua Hii Imetoka kwa Nani? Bunia na Historia ya Kuaminiana Mtandaoni

Mtu akipokea barua hujiuliza mambo mawili kabla ya kuifuata: ni nani hasa aliyeiandika, na imepita mikononi mwa nani hadi kunifikia? Maswali hayo yalikuwapo Bunia na mkoa wake wa Ituri, mashariki ya Kongo, wakati barua ilipobebwa na tarishi kwa miguu. Yaliendelea enzi za redio ya foni, na yapo leo ujumbe unapoingia kwenye simu kwa kufumba na kufumbua. Kilichobadilika ni mahali pa kutafuta jibu. Zamani lilikuwa kwenye mwandiko, kwenye muhuri na usoni mwa mjumbe. Siku hizi liko kwenye madaftari yaliyo mbali, ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaona, na mwishoni mwa mwaka 2020 mlango wa mojawapo ya madaftari hayo, lenye majina ya Kongo nzima, uliachwa wazi. Ili kuelewa mambo yalifikaje hapo, tuanze na dhahabu.

1903–1960: Mgodi kwanza, watu baadaye

Mwaka 1903 watafutaji wawili wa madini kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu katika vijito vya Kilo, kaskazini ya Bunia ya leo. Miaka miwili baadaye uchimbaji ulianza. Dhahabu ilitaka vibarua, chakula, barabara, na zaidi ya yote ilitaka habari. Makao makuu ya koloni yalikuwa Boma, upande wa pili wa nchi, karibu na bahari ya Atlantiki. Barua kutoka Ituri ilihesabiwa kwa wiki na miezi.

Kuanzia 1911 mhandisi Robert Goldschmidt alisimamia ujenzi wa vituo vya telegrafu isiyotumia waya, kutoka pwani kupitia Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi. Uti wa mgongo wa mtandao huo ulifuata Mto Kongo na migodi ya shaba ya Katanga. Ituri ilikuwa pembeni. Bunia yenyewe ilikua kama mji wa utawala na wa kupitishia mizigo, kati ya migodi na bandari ya Kasenyi kwenye Ziwa Albert. Hata umeme ulifuata utaratibu uleule: mtambo wa maji wa Budana, kwenye Mto Shari, ulijengwa kwanza kwa ajili ya mitambo ya kampuni ya dhahabu ya Kilo-Moto.

Huo ndio urithi wa kwanza wa mji huu. Mawasiliano na umeme vilifika mahali palipokuwa na mali ya kusafirisha, na mwananchi wa kawaida akapata kilichobaki. Mtu anayeuliza leo kwa nini mnara wa simu upo Mongbwalu, mji wa dhahabu, lakini kijiji cha jirani hakina rezo, jibu lake lilianza kuandikwa mwaka 1903.

1960–1997: Simu zakatika, foni yabaki

Baada ya uhuru, posta na simu zilibaki mikononi mwa serikali. Miaka ya mwanzo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa ya miradi mikubwa ya setilaiti, lakini matengenezo hayakufuata. Mitambo ilizeeka, nyaya za shaba zikaibwa, na uporaji wa wanajeshi wa mwaka 1991 na ule wa 1993 ukamalizia kilichobaki. Mwaka 1986 mhandisi Miko Rwayitare alianzisha Telecel mjini Kinshasa, miongoni mwa kampuni za kwanza za simu za mkononi barani Afrika. Lakini simu zake zilikuwa za mawaziri na wafanyabiashara wakubwa. Bunia haikunufaika nazo.

Huku mashariki watu walitegemea foni, redio ya mawimbi mafupi iliyowekwa kwenye parokia, hospitali, misheni na maduka ya wafanyabiashara. Hospitali ya Nyankunde, kilomita kadhaa kutoka Bunia, ilikuwa na kiwanja cha ndege ndogo za misheni, na ndege hizo ziliongozwa na kuitwa kwa redio. Kila kituo kilikuwa na saa yake. Mtu alikuja, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu, kisha akapaza sauti kwenye kipaza sauti huku chumba kizima kikisikiliza. Upande wa pili vituo kumi vingine vilisikia pia.

Tuiangalie foni kwa makini, kwa sababu ina somo. Siri haikuwapo kabisa. Ukitangaza bei ya mfuko wa maharage, wapinzani wako wote wameisikia. Lakini kudanganya jina kulikuwa kugumu mno. Sauti ya padre ilijulikana, na ya muuguzi ilijulikana pia. Mgeni akijifanya mtu fulani, kulikuwa na masikio kumi ya kumkana. Swali la pili, la mikono iliyopitisha ujumbe, lilikuwa na jibu baya. Swali la kwanza, la nani anasema, lilikuwa na jibu zuri. Barua pepe ilipokuja iligeuza hali hiyo juu chini.

1971–2001: Barua isiyoulizwa jina, na herufi mbili mpya

Mwaka 1971, nchini Marekani, Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine na kuchagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Agosti 1982 Jon Postel aliandika kanuni ya kupeleka barua hizo, ile iitwayo SMTP, ambayo inatumika hadi leo. Watumiaji wa wakati huo walikuwa watafiti waliofahamiana. Hakuna aliyeona haja ya kuithibitisha anwani ya mwandishi. Mtumaji alijaza jina lolote alilotaka, na seva ikaipokea barua kama tarishi anayepokea bahasha bila kumtazama usoni anayempa.

Mwaka uliofuata, 1983, Paul Mockapetris alibuni DNS, daftari la majina ya intaneti. Kompyuta hutambuana kwa namba, lakini watu hukumbuka majina. Daftari hili huyageuza majina kuwa namba. Limepangwa kwa ngazi: juu kabisa kuna mzizi, chini yake majina ya nchi yenye herufi mbili, na chini ya nchi kuna majina ya mashirika, vyuo na wizara.

Zaire ilipewa .zr. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa, nchi ikarudishiwa jina la Kongo, na mwaka huohuo ikapata herufi mpya, .cd. Zile za zamani zilifutwa kwenye mzizi mwaka 2001. Wachache sana Bunia waliona tofauti, maana wachache sana walikuwa na intaneti. Lakini tangu mabadiliko hayo kila anwani ya Kikongo inayoishia .cd ilitegemea jambo moja: kwamba atakayeulizwa habari za .cd atakuwa yule anayestahili kujibu.

2002–2012: Madishi, saiba na barua za mjane

Vita vya Ituri vilivyoanza 1999 viliharibu kila kilichosimama. Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, mamia ya watu wakauawa na hospitali ikaporwa. Mei 2003 jeshi la Uganda liliondoka Bunia, na mji ukaingia katika wiki za mauaji. Juni kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, Operesheni Artemis, kilitua, na Septemba kikaukabidhi mji kwa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa.

Pamoja na walinda amani na mashirika ya misaada yalikuja madishi meupe ya setilaiti. Hiyo ndiyo intaneti ya kwanza ambayo watu wengi wa Bunia waliigusa. Ishara ilipanda kilomita 36,000 hadi kwenye setilaiti, ikateremka Ulaya, kisha jibu likarudi njia ileile. Kila ukibonyeza, ulingoja. Katika vyumba vya saiba, jenereta likinguruma nje, wanafunzi walipanga foleni kufungua anwani zao za kwanza za Yahoo na kulipa kwa dakika. Wakati huohuo kampuni za simu zilisambaa. Celtel ilianza kazi nchini mwaka 2000 na Vodacom 2002, na Oktoba 2002 sheria mpya ikaanzisha ARPTC, mamlaka ya kudhibiti sekta. Mwishoni mwa 2012 M-Pesa ya Vodacom ilifika Kongo, na simu ikawa pochi.

Ulimwengu wa nje ulikuwa umeifahamu barua pepe ya Kongo kwa njia nyingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mamilioni ya watu walipokea barua za matapeli waliojidai kuwa mjane au mwana wa Mobutu, rais wa zamani wa Zaire, wakiomba msaada wa kuhamisha utajiri uliofichwa. Majina ya nchi yetu na misiba yetu yakawa chambo. Waliotapeliwa walipoteza fedha. Sisi tulipoteza kitu kingine, maana Mkongo mwenye biashara halali alipoandika kwa mgeni, barua yake ilishukiwa kabla haijafunguliwa.

Wahandisi walianza kuziba pengo la 1982 kwa hatua tatu. Ya kwanza ni SPF: mwenye jina la kikoa, yaani lile linalokuja baada ya alama ya @, huandika kwenye daftari la DNS orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua zake. Ya pili ni DKIM: seva hupiga muhuri wa kihesabu kwenye kila barua, na anayepokea huchukua ufunguo wa kuukagua kutoka kwenye daftari lilelile. Ya tatu, iliyotangazwa Januari 2012, ni DMARC: mwenye jina hutoa agizo kwamba barua ikishindwa ukaguzi ikataliwe, iwekwe kando au ipite, naye apelekewe taarifa za wanaolitumia jina lake.

Zote tatu huandikwa ndani ya DNS. Muhuri ulirudi, lakini sanduku la mihuri likawa daftari la majina. Anayelishika daftari anaishika mihuri yote.

2011–2019: Mkono kwenye swichi

Wakati wahandisi wakihangaika na swali la nani ameandika, swali la pili lilijibiwa kwa ukali. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ilizima ujumbe mfupi wa simu nchi nzima kwa wiki tatu na zaidi. Januari 2015, katika maandamano dhidi ya sheria ya uchaguzi, ilizima intaneti. Desemba 2016 ilibana mitandao ya kijamii. Kisha, siku moja baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa kwa takriban siku 20.

Mara hiyo ya mwisho iliumiza Ituri kuliko zilizotangulia. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini, nayo ikaingia Ituri. Kabla ya kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliwapata watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao. Kufuatilia waliogusana na mgonjwa ni kazi ya majina, namba za simu na taarifa za kila siku. Kuukata mtandao katikati ya janga kama hilo kulionyesha kwamba njia yote ya mawasiliano ya nchi ilipita mahali pachache, penye swichi chache, ambazo mtu mmoja mwenye amri angeweza kuzishusha.

Kulikuwa na sababu ya kimaumbile pia. Kebo ya bahari ya WACS ilizinduliwa Muanda, kwenye Atlantiki, mwaka 2013. Kutoka huko hadi Bunia ni nchi nzima ya misitu na mito. Mombasa, ambako kebo za bahari ya Hindi zilianza kutua 2009, iko karibu zaidi, na ndiyo maana uzi wa kioo unaoikaribia Ituri umetokea upande wa Uganda. Njia hiyo nayo ina bawabu wake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Uganda ilizima intaneti yake kwa siku tano.

Desemba 2020: Jina lililosahauliwa

Sasa tuje kwenye lile daftari. Mwishoni mwa 2020 mtafiti wa usalama wa Sweden, Fredrik Almroth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Detectify, alikuwa akikagua seva zinazojibu kwa niaba ya majina ya nchi zote duniani. Alipofika .cd aliona kwamba baadhi ya seva zake zilikuwa chini ya jina scpt-network.com. SCPT ni shirika la posta na simu la taifa. Jina hilo la .com halikuwa limelipiwa upya. Lilikuwa limeingia katika siku za mwisho za kungoja mwenyewe arudi.

Almroth alisubiri. Mwenyewe hakurudi. Tarehe 30 Desemba 2020 jina liliachiwa sokoni, naye akalinunua kabla mwingine hajaliona. Jina la aina hiyo kwa kawaida hugharimu dola 10 hadi 15 kwa mwaka.

Tazama kilichotokea kwa kufuata simu moja ya Bunia. Mtu anafungua tovuti inayoishia .cd, au seva inataka kukagua muhuri wa barua iliyotoka kwenye anwani ya .cd. Swali linapanda hadi kwenye mzizi: nani anajua habari za .cd? Mzizi unajibu kwa orodha, na ndani ya orodha zimo seva za scpt-network.com. Kuanzia tarehe 30, seva hizo ni za yeyote aliyelipa. Kwa hesabu yake mwenyewe, Almroth angeweza kushika karibu nusu ya maswali yote kuhusu .cd. Mtu mwenye nia mbaya angejibu anavyotaka: barua za wizara hii zipelekwe kwangu, tovuti ya benki ile iko hapa, ufunguo wa kukagua muhuri ni huu. Kwa majibu hayo angeweza hata kujipatia vyeti halali vya usalama, na alama ya kufuli ingeonekana kama kawaida. SPF, DKIM na DMARC zisingefaa kitu, kwa sababu zote huulizwa kwenye daftari hilohilo.

Na hakuna aliyekuwa ameona hitilafu. Sababu ni kwamba .cd ilikuwa na seva nyingine pia, zilizowekwa Afrika Kusini, ambazo ziliendelea kujibu vizuri. Simu isiyopata jibu upande mmoja iliuliza upande mwingine, na kazi ikaendelea. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya usalama iliuficha ugonjwa.

Almroth hakuingilia mawasiliano ya mtu. Mapema Januari 2021 aliwasiliana na wasimamizi wa .cd, nao wakahamishia kazi kwenye jina jingine, scpt-network.net. Tarehe 15 Januari akaieleza dunia. Nchi ya watu wapatao milioni 90 ilinusurika kwa sababu aliyefika kwanza mlangoni alikuwa mwaminifu. Hakukuwa na wizi wa nywila wala ujanja wa kompyuta. Kulikuwa na tarehe ya kulipa, na tarehe hiyo ilipita.

2020–2025: Sheria, kebo za bahari na anga jipya

Matukio mengine ya miaka hiyo yaligusa maswali yaleyale mawili. Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba anwani zake 450 zinazotumika zilivuja pamoja na nywila zake, na kwamba matapeli walikuwa wakijifanya shirika hilo ili kuchota michango ya watu. Likaeleza kuwa linaimarisha hatua zake za usalama. Januari 2020, na tena Agosti 2023, maporomoko ya tope katika bonde la chini ya bahari, kwenye mdomo wa Mto Kongo, yalikata kebo ya WACS na kebo nyingine ya bahari, SAT-3.

Kinshasa ilijibu kwa sheria. Novemba 2020 ilipatikana sheria mpya ya mawasiliano, na tarehe 13 Machi 2023 Kanuni ya Kidijitali, inayogusa utambulisho, sahihi za kielektroniki na uhalifu wa mtandaoni. Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti iliyopigwa marufuku Machi 2024, iliruhusiwa Mei 2025. Kwa Ituri, iliyowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na ambako mafuta ya jenereta za minara hupita barabara zinazoshambuliwa, dishi dogo lisilotegemea barabara ni jambo kubwa. Lakini linabadilisha mikono inayopitisha ujumbe, si kuiondoa.

Februari 2024 Google na Yahoo waliwataka watumaji wa barua nyingi (kwa Google, 5,000 au zaidi kwa siku) wawe na SPF, DKIM na DMARC, na hata watumaji wadogo wawe na ukaguzi wa msingi. Tangu hapo kituo cha afya au chuo ambacho hakikuandika mistari hiyo michache kinaweza kuona barua zake za kweli zikitupwa pamoja na takataka, ilhali jina lake likibaki huru kutumiwa na mwongo.

La kufanya

Miaka 120 ya historia hii inaonyesha jambo moja. Mawasiliano ya Bunia yameumizwa mara chache na ujanja wa wezi, na mara nyingi na kazi ya kutunza iliyoachwa: nyaya zisizotengenezwa, njia moja isiyo na mbadala, jina lisilolipiwa. Usalama wa mtandao ni kazi ya mtunza ghala kabla ya kuwa kazi ya askari.

Kwa hiyo, ninyi mnaosimamia hospitali, vyuo, parokia na vyama vya ushirika vya Ituri, fanyeni mambo manne. Andikeni ukutani tarehe ambayo jina lenu la kikoa linakwisha. Wawe watu wawili, si mmoja, wenye ufunguo wa kulilipia. Mwambieni fundi wenu aweke SPF, DKIM na DMARC, na mkishaona kwamba barua zenu halali zinapita, agizeni za uongo zikataliwe. Kagueni kila seva peke yake, hata kama kazi inaendelea, maana seva za scpt-network.com zilikuwa zimepoteza mwenyewe huku kazi ikiendelea.